Nikipandishwa mshahara, nitatolewa kwenye nyumba ya punguzo la kodi?

*"Salaam ndugu mtaalamu. Tunaishi mji mdogo hapa Iowa, mimi, mume wangu na watoto watatu. Tulikuja mwaka 2016 tukitoka kambi ya Nyarugusu. Tumepanga nyumba ya vyumba vitatu kwenye jengo la wenye kipato cha chini, wanasema lilijengwa kwa punguzo la kodi ya serikali. Nafanya kazi kiwanda cha nyama. Msimamizi anataka niwe kiongozi wa laini, dola 3 zaidi kwa saa. Jirani yangu ameniambia nisithubutu: ukipita kiwango, ofisi inakutoa. Na wakati huohuo pango letu limepanda kutoka dola 825 hadi 870, ilhali mishahara yetu haijaongezeka hata senti. Je, tulikosea kujaza karatasi? Kijana wetu mkubwa anatimiza miaka 18 na anaingia chuo. Nimesikia wanafunzi hawaruhusiwi. Tena kuna maneno kwamba jengo lilifunguliwa 2013, kwa hiyo 2027 linauzwa na sote tunatoka. Tunataka kuomba uraia, naogopa tusije tukaambiwa tumekula pesa za serikali. Nisaidie, msimamizi anasubiri jibu."*

Dada yangu, kubali hicho cheo. Natanguliza jibu kwa sababu msimamizi wa kiwanda hatasubiri hadi umalize kusoma barua ndefu, na kwa yale uliyonieleza sioni namna dola 3 kwa saa zitakavyokutoa kwenye nyumba hiyo. Sasa tukae tuyapitie moja moja, maana katika maswali yako kuna hofu za bure, na kuna jambo zito zaidi ambalo hukuliuliza.

Jirani yako huenda hakudanganyi. Nadhani anasimulia nyumba ya aina nyingine. Marekani ina mipango kadhaa ya nyumba za wenye kipato cha chini, na kwa nje majengo yanafanana kabisa. Katika nyumba za umma, au kwa mtu mwenye vocha ya Section 8 (msaada wa serikali wa kulipia pango), au kwenye baadhi ya majengo ya vijijini yanayosaidiwa na Wizara ya Kilimo, pango hufuata mshahara: familia hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake na serikali hujazia. Huko mshahara ukipanda, pango linapanda, na upo uwezekano wa kufika mahali msaada ukakatwa. Aliyeishi humo miaka mitano akihamia jengo kama lako huja na kanuni zake kichwani, akazigawa kwa nia njema.

Jengo lako linaendeshwa kwa kanuni nyingine. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipoandika upya sheria za kodi liliingiza kifungu cha 42, na hicho ndicho mzazi wa nyumba yako. Serikali kuu haijengi wala haimlipii mpangaji. Inachofanya ni kuzigawia majimbo haki za kupunguza kodi, kwa kiasi kikubwa kulingana na idadi ya watu wao. Kwenu Iowa haki hizo ziko mikononi mwa mamlaka ya jimbo iitwayo Iowa Finance Authority, ambayo huzishindanisha kati ya wajenzi. Mjenzi anayeshinda mara nyingi hana kodi kubwa ya kupunguza, hivyo huiuza haki hiyo kwa benki au kampuni ya bima yenye faida nono. Benki inatoa fedha taslimu sasa, halafu inapunguziwa kodi yake yenyewe kila mwaka kwa miaka 10.

Tuseme gharama za jengo zinazokubalika kuhesabiwa ni dola milioni 6, na mjenzi amepata lile punguzo kubwa la asilimia 9. Hiyo ni dola 540,000 kwa mwaka, sawa na milioni 5.4 kwa miaka 10. Mwekezaji akinunua kila dola ya punguzo kwa senti 85, mjenzi anaingiza karibu milioni 4.6. Anabaki kukopa kiasi kidogo, na mwenye deni dogo anaweza kutoza pango dogo. Basi, hapo ndipo unafuu wako unapotoka. Kuna punguzo jingine dogo, la asilimia 4, linaloambatana na hati fungani za serikali, lakini kwa mji wa ukubwa wenu ningebahatisha kwamba ni lile la 9, kwa sababu lile dogo hupendelea majengo makubwa ya mijini.

Miji midogo ina shida yake hapa. Kiwango cha juu cha pango hupangwa kwa kutazama kipato cha kaunti, na kaunti za mashambani kipato chake ni cha chini. Lakini mbao na saruji bei yake haishuki kwa sababu mji ni mdogo, na fundi wa lifti anatoka mbali na kudai mafuta ya safari. Wanasheria na wahasibu wa mpango huu wanalipwa karibu sawa kwa nyumba 24 kama kwa 200. Ndiyo maana mwaka 2008 sheria ililegezwa, ikaruhusu majengo ya vijijini yenye punguzo la asilimia 9 kutumia kipato cha kati cha maeneo yote ya nchi yaliyo nje ya miji mikubwa, pale kinapozidi cha eneo lenyewe. Hata hivyo, mji unaopata jengo kama hilo unaweza kukaa miaka mingi kabla ya kuona la pili. Hiyo ni sababu tosha ya kutoiachia nyumba yako kwa uvumi.

Tuje kwenye mshahara. Kiwango cha kipato ulichoonyeshwa mlipohamia kilikuwa mlango wa kuingilia. Mlipimwa siku ile, mkafaa, mkaingia. Tuseme kwa watu watano kiwango chenu ni dola 60,000 kwa mwaka na nyinyi mna 58,000. Dola 3 kwa saa, kwa saa 40 za wiki na wiki 52, ni dola 6,240. Mtafika 64,240, mmekivuka kiwango cha kuingilia, na sheria haina la kusema juu yenu. Inaamka tu kipato kinapopita asilimia 140 ya kiwango, ambayo kwa mfano huu ni dola 84,000. Na hata hapo haisemi mtolewe. Inamwambia mwenye jengo kwamba nyumba itakayofuata kuwa wazi humo, yenye ukubwa kama wa yenu au mdogo zaidi, ampangishe mtu wa kipato kinachostahili. Akifanya hivyo, nyumba yenu inaendelea kuhesabiwa na kikomo cha pango lenu kinabaki palepale. Katika jengo ambalo nyumba zote ni za mpango huu, hilo analifanya kila siku bila kufikiri.

Zaidi ya hapo, sheria inamkataza kumfukuza mpangaji au kukataa kumwongezea mkataba bila sababu ya msingi, na mamlaka ya kodi, IRS, ilisisitiza hivyo kwa maandishi mwaka 2004. Sababu ya msingi ni kama kutolipa pango, kuharibu mali au kudanganya kwenye fomu. Kupandishwa cheo si mojawapo.

Nimetaja kudanganya, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Tukiwa wageni tunashauriana mengi kwenye maegesho ya magari, na ushauri mbaya kuliko wote ni ule wa "usiwaambie". Fomu ya kipato unaiapia. Wanahesabu kipato kabla ya makato: mshahara wako na wa mume wako, saa za ziada, hata fedha za kusuka nywele na kuuza sambusa wikendi. Usitarajie wakutolee pesa unazotuma kwa wazazi Uvira au kwa ndugu waliobaki kambini. Kwao hiyo ni hiari yako. Inauma, kwa sababu kwetu kutuma si hiari, lakini hesabu yao ndiyo hiyo. Sema yote. Baadhi ya majimbo na wasimamizi huomba uthibitisho wa kipato kila mwaka hata pale serikali kuu ilipoacha kulazimisha, yaani kwenye majengo ambayo nyumba zote ni za mpango huu. Wakikuletea fomu, ijaze upya. Wana sababu ya kusumbua: jengo likivunja masharti ndani ya miaka 15 ya kwanza, IRS inaweza kumnyang'anya mwekezaji sehemu ya punguzo alilokwisha kula.

Sasa pango. Hamkukosea kujaza karatasi. Pango la nyumba yenu halikokotolewi kwa mshahara wenu, bali kwa kipato cha kaunti na idadi ya vyumba. Sheria inakadiria mtu mmoja na nusu kwa kila chumba cha kulala, hivyo vyumba vitatu ni watu wanne na nusu, hata kama ndani mko watano au wawili. Tuseme kiwango cha watu wanne ni 55,000 na cha watano 60,000. Katikati yake ni 57,500. Asilimia 30 ya hapo ni 17,250 kwa mwaka, yaani dola 1,437 kwa mwezi, na ndani yake makadirio ya umeme na gesi lazima yahesabiwe. Kama mnajilipia umeme na gesi na makadirio yake ni dola 150, kikomo cha pango lenyewe ni kama 1,287. Namba halisi za kaunti yenu ofisi inazo, waombe wakuonyeshe kwa maandishi.

Ukilinganisha na dola 870 zenu, utaona jambo linalowashangaza wengi: mwenye jengo kwenye mji mdogo mara nyingi hutoza chini ya kikomo, kwa kuwa soko la mji haliwezi kubeba zaidi. Kila mwaka, kwa kawaida majira ya kuchipua, wizara ya nyumba, HUD, hutoa viwango vipya. Kipato cha kaunti kikipanda kikomo nacho hupanda, na mwenye jengo anapata nafasi ya kuongeza hata kama wewe hukuongezwa kitu. Dola 45 ni halali kisheria, japo najua kwenu ni viatu vya watoto. Angalia mambo mawili tu: Iowa inataka upewe taarifa ya maandishi angalau siku 30 kabla, na pango lisiongezwe katikati ya mkataba ambao muda wake haujaisha. Kama walikuongezea ghafla mwezi wa tano wa mkataba wa mwaka mzima, hapo una hoja.

Hili ndilo jambo ambalo hukuliuliza. Pango lisilofuata mshahara halikusumbui mshahara ukipanda, lakini halikuhurumii ukishuka. Kampuni ya nyama ya Tyson ilipofunga kiwanda chake cha nguruwe mjini Perry, huko huko Iowa, Juni 2024, watu wapatao 1,300 walipoteza kazi katika mji wa watu kama 8,000. Mpangaji wa nyumba ya aina yenu katika hali hiyo anadaiwa pango lilelile siku ya kwanza ya mwezi, ilhali mwenye vocha anaweza kwenda ofisini akapunguziwa sehemu yake. Ndiyo sababu nyingine ya kuchukua cheo sasa: wekeni akiba ya miezi miwili ya pango, mitatu kama mnaweza. Na orodha ya Section 8 ya eneo lenu ikifunguliwa, jiandikisheni kama kipato chenu bado kinaruhusu. Vocha inaweza kutumika palepale mlipo, na mwenye jengo la punguzo la kodi hana ruhusa ya kumkataa mtu kwa sababu tu ana vocha.

Cheo hicho kinaweza kugusa mambo mengine, nisikufiche. Kama mnapata kadi ya chakula, bima ya afya ya watoto au msaada wa malezi ya mtoto, hayo yana viwango vyake na yanapungua kipato kikipanda. Kabla ya kusaini kiwandani, mpigie anayeshughulikia faili lenu na umuulize kwa namba: mshahara wa sasa, mshahara mpya, kipi kitakatwa na kiasi gani. Mara nyingi mtu bado anabaki na faida, ila ni vizuri kujua mapema kuliko kushtukia dukani kadi imekataa.

Kijana wako asikutie wasiwasi. Kanuni ya wanafunzi inalenga nyumba ambayo *kila mtu* ndani yake ni mwanafunzi wa muda wote, ili majengo haya yasigeuke mabweni ya vyuo. Watoto wa shule ya msingi nao huhesabiwa wanafunzi, lakini wewe na baba yao mnafanya kazi, kwa hiyo kanuni haiwahusu. Ofisi itauliza kila mwaka nani anasoma. Jibu ukweli, yaishe. Akija kukaa nanyi mtu mzima mwingine, shangazi au mpwa, hilo ndilo la kuripoti kabla hajaingiza begi, maana mtu asiyeandikwa kwenye mkataba ni kosa ambalo ofisi inaweza kulitumia.

Kuhusu 2027, walioanzisha maneno hayo walisikia nusu. Miaka 15 ya kwanza ni ile ambayo IRS inamchunguza mwekezaji kwa karibu. Kama punguzo lilianza 2013, mwaka wa 15 ni 2027, na ni kawaida mwekezaji kujitoa wakati huo na jengo kubadilisha mkono. Kuuzwa kwa jengo hakufuti masharti. Majengo yaliyopata punguzo kuanzia 1990 yana mkataba wa angalau miaka 30, hivyo lenu lingefika 2042, na mnunuzi analirithi pamoja na masharti yake.

Upo mlango wa kutokea mapema: baada ya mwaka wa 14 mwenye jengo anaweza kuiomba mamlaka ya jimbo imtafutie mnunuzi kwa bei iliyowekwa na sheria, na asipopatikana ndani ya mwaka mmoja masharti yanakoma. Jengo likinyakuliwa na mkopeshaji kwa sababu ya deni, masharti nayo yanaweza kukoma. Hata hapo waliokuwamo wanalindwa miaka 3: hawafukuzwi bila sababu ya msingi na pango lao halivuki kikomo. Wajenzi wengi hulazimika kuusalimisha mlango huo wakati wa kushindania punguzo. Kujua kama wenu aliusalimisha si siri, mkataba umesajiliwa kwa msajili wa hati wa kaunti yenu, na raia au si raia, una haki ya kuomba kuusoma. Kama kuna mmoja wenu mwenye Kiingereza kizuri na muda wa asubuhi moja, aende.

La uraia nalijibu kwa uangalifu. Hujala pesa ya serikali kwa kuishi humo. Punguzo lilikwenda kwa mwekezaji, na wewe unalipa pango lako kama mpangaji mwingine yeyote. Fomu yako ya kodi haina mahali pa kuliandika. (Usilichanganye na lile la watoto unalopata unapojaza kodi kila mwaka. Hilo ni lako.) Sheria ya kifungu cha 42 yenyewe haiulizi uraia. Kipimo cha kuwa mzigo kwa umma hakitumiki kwa mkimbizi anapoomba ukaazi wa kudumu, na maombi ya uraia hayana kipimo hicho. Kinachoweza kukuharibia uraia ni kauli ya uongo kwenye karatasi ya serikali au kodi usizojaza. Hata hivyo sera za uhamiaji zinabadilika kwa kasi, na mimi ni mtu wa nyumba. Kabla ya kutuma maombi, mwone mwanasheria wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa, asiwe yule jamaa anayejaza fomu za watu kwa dola 200 sebuleni kwake.

Kuna chaguo moja ningependa mlitazame cheo kikishakaa sawa. Wizara ya Kilimo ina mkopo wa nyumba kwa maeneo ya mashambani, unaoitwa 502, na miji ya ukubwa wenu mingi inaingia. Ule wa moja kwa moja ni kwa wenye kipato cha chini, hauhitaji kianzio, na hulipwa kwa miaka 33 au zaidi. Wakaazi wa kudumu wanaweza kuomba. Siwasukumi. Nyumba ya kununua ina paa linalovuja kwa gharama yako, na kodi ya mali, na kiwanda kikifungwa huwezi kuhama kirahisi. Lakini kumbuka kwamba mkiondoka hapo mlipo mkataka kuingia jengo jingine la aina hii, mtapimwa upya kama wageni, na mshahara mpya huenda ukawafungia mlango. Kwa hiyo msihame kwa hasira ya dola 45.

Usitafute majibu kwangu wala kwa jirani ikiwa umepata barua yenye neno la kufukuzwa au kutoongezewa mkataba. Iowa inaruhusu notisi ya siku 3 tu kwa pango lisilolipwa, na baada ya hapo mwenye nyumba anaweza kwenda mahakamani. Siku hiyohiyo piga simu Iowa Legal Aid, shirika la msaada wa kisheria, hawatozi wenye kipato cha chini, na omba mkalimani wa Kiswahili. Usimtwishe mtoto wako kazi ya kutafsiri karatasi za mahakama. Ukiona pango limevuka kikomo, au umetishiwa kutolewa kwa sababu ya mshahara, andikia pia idara ya ukaguzi ya Iowa Finance Authority, kwa kuwa wao ndio wanaoripoti makosa ya jengo kwa IRS na wenye majengo wanalijua hilo vizuri.

Kwa wiki hii: mjibu msimamizi wako ndiyo, umwombe barua yenye kiwango kipya cha mshahara na tarehe ya kuanza. Nakala iweke kwenye faili la nyumba pamoja na mkataba na ile taarifa ya kupanda pango. Ofisi wakiuliza kipato wakati wa kuongeza mkataba, unatoa barua hiyo.